Kwa nini jeshi la Aurangzeb, mfalme wa dola ya Mughal huko India, liliangamia katika njia ya milimani ya Khyber mwaka 1672?

Jibu la haraka huwa ni dini. Wapashtuni, wenyeji wa milima ya mpakani mwa Afghanistan na Pakistan ya leo, husemwa kuwa huinuka pale tu anapotokea mtawala kafiri. Kwa Waingereza, waliotawala India baadaye, dai hilo lina chembe ya ukweli, kwani maasi ya mwaka 1897 yalihubiriwa kama jihadi. Kwa mwaka 1672 halisimami. Aurangzeb alikuwa Sunni kama wao, tena mcha Mungu aliyesifika kwa kunakili Kurani kwa mkono wake. Adui yake mashuhuri, mshairi Khushal Khan Khattak, alitoka katika ukoo uliowalindia Wamughal barabara kuu kwa vizazi, hadi Aurangzeb alipomfunga mwaka 1664. Wala Wapashtuni hawakuwa kitu kimoja: Bahram, mwana wa Khushal, alipigana upande wa Mughal dhidi ya baba yake.

Basi tutazame barabara yenyewe. Aimal Khan wa kabila la Afridi alijitangaza mfalme, akapiga sarafu kwa jina lake na kufunga njia ya Khyber, kati ya Peshawar na Kabul. Liwali wa Kabul, Muhammad Amin Khan, alipata habari hizo. Akaingia tu, na jeshi, wake na watoto, watumishi na wanyama wa mizigo.

Karibu na Ali Masjid njia hiyo hubanwa na majabali. Fikiria uwanja wa mpira wenye geti moja: mashabiki wawe elfu tano au elfu hamsini, wanaopita kwa mara moja ni wale wale wachache, na wingi wa walio nyuma ni msukumano tu. Hivyo ndivyo ukubwa wa jeshi ulivyogeuka mzigo. Wa mbele hawakuweza kurudi, wa nyuma hawakuweza kusaidia, na wapanda-farasi hawakuwa na pa kukimbilia. Waafridi waliwakatia maji, kisha wakaporomosha mawe kutoka juu.

Maandishi ya zamani yanataja watu 10,000 waliouawa na 20,000 waliotekwa. Tarakimu za mviringo namna hiyo zipokewe kwa tahadhari, na waliohesabiwa si askari peke yao. Liwali aliponea chupuchupu; jamaa zake wa kike walitekwa, wakakombolewa kwa fedha nyingi.

Mwaka 1674 jemadari mwingine, Shujaat Khan, aliuawa katika kipito cha Karapa. Ndipo Aurangzeb mwenyewe akahamia Hasan Abdal, mji ulio katika Punjab ya Pakistan ya leo, akakaa huko mwaka mmoja na zaidi.

Aliyeifungua njia kwa miaka mingi ni liwali wa baadaye, Amir Khan, na silaha yake kuu ilikuwa posho: makabila yalilipwa ili yaache njia wazi. Fitina nayo ilikuwamo. Inasimuliwa kwamba watu wake waliwashawishi wafuasi wa Aimal Khan kwa siri wamwombe agawe ardhi waliyoiteka. Akasema ni ndogo mno kwa watu wengi hivyo. Walipomshikilia akagawa, akawapendelea jamaa zake, na wengine wakafunga virago wakarudi makwao.