Mbwa wa mbari za kuwinda katika joto la Mombasa: kupandisha, kuzalisha na malezi ya miezi ya mwanzo

Kuwinda wanyamapori nchini Kenya ni kosa. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza kamba. Digidigi aliyekimbizwa vichakani na mbwa uliyemwachia makusudi amewindwa, hata kama wewe mkononi huna upinde wala panga. Tunaanza na hilo kwa sababu mbwa wa mbari za kuwinda wapo Mombasa: Ridgeback, Pointer, Beagle na machotara wao. Pua na miguu yao ina kazi halali za kutosha: ulinzi, kufuata nyayo za mwizi na, kama wafanyavyo mbwa wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) bandarini, kunusa pembe za ndovu zilizofichwa ndani ya shehena.

Taabu ni kwamba maelekezo mengi ya kuzalisha mbwa hawa yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Yanakwambia uwashe taa ya joto, ufunge madirisha, umpe mama kalisiamu tangu mimba ichanganye. Ukiyafuata neno kwa neno Kisauni mwezi wa tatu, utawapika watoto wakiwa hai.

Wazazi kwanza

Jike asipandishwe joto lake la kwanza, yaani mara ya kwanza anapotaka dume. Mbwa mkubwa kama Ridgeback mngojee afike miaka miwili, mifupa ya nyonga iwe imekomaa na uweze kuipiga picha ya eksirei. Nyonga iliyolegea hurithiwa, na mbwa wa kukimbia mwenye nyonga mbovu huwa kilema mapema. Usipandishe ndugu kwa ndugu kwa sababu tu wote wako nyumbani.

Dume mchunguze kwa mikono. Korodani zote mbili ziwe zimeshuka. Rudisha govi nyuma utazame vizuri: uvimbe mwekundu wenye vinundu kama koliflawa, unaotoa damu ukiguswa kidogo, ni saratani ya kuambukizana ambayo mbwa hupeana wanapopandana na hata kwa kulambana. Ni maradhi ya kawaida penye mbwa koko wengi. Hutibika kwa sindano za vinkristini za kila wiki, kwa kawaida nne hadi sita, ambazo hutolewa na daktari wa mifugo peke yake. Dume akipona, subiri kabla ya kumrudisha kazini. Vilevile dume aliyetoka kuugua homa ya kupe asitegemewe mara moja. Mbegu huchukua takriban siku 60 kutengenezwa, na homa kali huiharibu ile iliyokuwa njiani. Anaweza kupanda vizuri kabisa na jike asishike mimba.

Sasa siku za kupandisha. Siku ya kwanza ni ile unayoona damu na uke umevimba. Kwa siku saba hadi kumi jike huwavutia madume lakini huwakataa, hukaa chini au huwang'ata. Kisha damu hupauka, ikawa kama maji ya majani makavu, uke ukalainika, na ukimpapasa kiunoni anapindisha mkia upande mmoja na kusimama. Hapo ndipo. Kwa wengi ni kati ya siku ya 10 na ya 14, lakini wapo wanaokubali siku ya 7 na wengine ya 18, kwa hiyo mkia uamini kuliko kalenda. Mayai ya mbwa hutoka yakiwa mabichi na huhitaji kama siku mbili kuiva, ndiyo maana tunashauri kupandisha mara mbili, kwa mwachano wa saa 48. Fanya alfajiri. Saa sita mchana dume huchoka kabla hajaanza.

Wakishashikana, dume hugeuka wakatazamana mikia. Hubaki hivyo dakika 5 hadi 30, kwa sababu tezi iliyo kwenye uume wake imejaa damu ndani ya uke. Usiwavute, usiwamwagie maji. Mshike jike kola asijitupe chini, basi.

Kosa la kila siku ni hili: jike hupelekwa kwa dume siku ya tatu, anakataa, anarudishwa nyumbani, mwenyewe anaona mambo yamekwisha. Siku ya 13 mbwa koko anaruka ukuta. Kwa kuwa mbegu huishi tumboni siku tano na zaidi, mzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Mfungie jike ndani hadi atakapoanza tena kukataa madume, hata kama umeshampandisha kwa dume ulilolichagua.

Siku 63

Mimba huchukua wastani wa siku 63. Wiki tano za mwanzo mlishe kama kawaida. Kuanzia ya sita ongeza taratibu hadi apate mara moja na nusu ya chakula chake. Kalisiamu ya ziada usimpe. Ukimpa, mwili wake huzoea kuletewa na husahau kuitoa mifupani. Kisha wiki ya pili hadi ya nne ya kunyonyesha, maziwa yakiwa mengi, kalisiamu ya damu hupungua ghafla. Utamwona hahemi vizuri, anatembea kama mlevi, halafu anakakamaa na kutetemeka. Hiyo ni dharura ya saa chache: watoe watoto chuchuni na umkimbize mama kwa daktari.

Kuanzia siku ya 56 pima joto la mwili asubuhi na jioni. Paka ncha ya kipimajoto mafuta, ingiza sentimita mbili hivi njia ya haja kubwa, shikilia hadi kilie. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37.5, atazaa ndani ya siku moja. Vitabu husema utamjua kwa kuhema. Mombasa jike mwenye mimba kubwa huhema mchana kutwa na haina maana yoyote. Kipimajoto cha duka la dawa hapa kina thamani kuliko macho.

Sanduku la kuzalia la mbwa wa kilo 30 hadi 35 liwe na mita 1.2 kila upande na ukuta wa sentimita 40. Ndani, pigilia ubao mwembamba kuzunguka kuta zote, sentimita 10 kutoka chini na 10 kutoka ukutani, ili mama akijilaza mtoto apate pa kuponea. Inua sanduku juu ya matofali, tandika magazeti na shuka kuukuu. Vumbi la mbao liepuke, huingia puani. Mahali pawe na upepo unaopita, mbali na njia ya wapitao kwenda msikitini. Jirani wa madhehebu ya Shafi akilambwa na mbwa wako inampasa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kama mbwa wa kazi anafugwa kwa ruhusa au la, muulize shekhe wako. Letu sisi ni ukuta, na vyombo vya mbwa visivyochanganyika na vya watu.

Mtoto hutoka kila baada ya nusu saa hadi saa moja hivi. Mwite daktari iwapo mama anasukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto, iwapo zimepita saa mbili na unajua wamebaki wengine, au iwapo uchafu wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza, maana yake kondo limeachana na ukuta wa tumbo. Hesabu makondo. Mama asipomkata mtoto kitovu, funga uzi safi sentimita mbili kutoka tumboni, kata mbele ya uzi, chovya kwenye ayodini. Kwa watoto wa Ridgeback, pitisha vidole juu ya uti wa mgongo, hasa shingoni, ukiinua ngozi. Ukihisi kama uzi mgumu unaoizuia ngozi kuinuka, hiyo ni kasoro ya kuzaliwa ya mbari hiyo. Mtoto huyo huhitaji upasuaji, na asizalishwe.

Joto, mizani, minyoo

Wiki ya kwanza mtoto hawezi kujipatia joto mwenyewe. Anahitaji nyuzi 29 hadi 32 pale alipolala. Msimu wa kaskazi chumba chako tayari kiko hapo bila taa. Watoto waliotawanyika, midomo wazi, wakilia, wamezidiwa na joto: fungua dirisha, usiwaelekezee feni usoni. Waliorundikana kama ndizi kwenye kichane wanahisi baridi. Hilo hutokea usiku wa kusi, mwezi wa saba na wa nane, na dawa yake ni chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa taulo, iwekwe pembe moja ili anayeshiba joto aweze kuondoka.

Pima uzito kila siku, saa ile ile, kwa mizani ya jikoni. Kufikia siku ya kumi awe maradufu ya alivyozaliwa. Asiyeongezeka kwa siku mbili yuko hatarini, ingawa bado analia kwa nguvu. Maziwa ya ng'ombe matupu hayamtoshi, kwa sababu ya mbwa yana protini na mafuta mengi kuliko hayo.

Minyoo haisubiri. Ile mirefu ya mviringo hupita kwenye kondo kabla mtoto hajazaliwa, na ya safura hupita kwenye maziwa. Mchanga wa Pwani, wenye unyevu na kivuli, ndio makao inayoyapenda. Fizi zikipauka katika umri wa wiki mbili au tatu, safura inanyonya damu. Toa dawa ya pairanteli wiki ya 2, 4, 6 na 8, kila mtoto kwa uzito wake, na mama siku hiyo hiyo. Kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mavi yaokote kila siku. Viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenya ngozi ya binadamu na kuchora mistari myekundu inayowasha, na anayekanyaga ufukweni peku ndiye anayelipa uzembe wako.

Kupe wa mbwa wa kahawia huishi nyumbani kuliko anavyoishi mwilini. Jike lake hushiba, hudondoka, hupanda ukutani na kutaga mayai maelfu kwenye nyufa za mawe ya matumbawe, nyuma ya fremu za milango. Ukimwogesha mbwa bila kuziba nyufa na kupiga dawa kuta, baada ya wiki chache uko pale pale. Homa yake huanza na uvivu na kukataa chakula, halafu madoa ya damu kwenye fizi au damu puani. Mkojo wa rangi ya chai nzito huashiria homa ya aina nyingine, inayotaka dawa tofauti. Usibahatishe, pima damu. Oili chafu ya gari huunguza ngozi na huua anapoilamba. Ivamektini ya ng'ombe ina nguvu ya kipimo cha mnyama wa kilo mamia, na tone la kukisia kwa mtoto wa kilo mbili ni sumu. Na kama una paka, dawa ya kupe yenye permethrini isiingie nyumbani mwako: paka akilala na mbwa aliyepakwa, hufa.

Chanjo ya parvo na distempa ianze wiki ya 6 hadi ya 8, irudiwe kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, kisha kila mwaka. Aliyeumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ndipo aende hospitali bila kulala nalo.

Ufukweni, mtoto asiokote kitu. Samaki wa bunju anayetupwa na nyavu au kusukumwa na maji hubeba sumu inayopoozesha misuli ya kupumua. Haina dawa ya kuipinga, na kuchemsha hakuiondoi. Maji ya bahari nayo, akiyanywa kwa kiu, humharisha na kumchanganya akili. Beba maji baridi.

Kuamsha pua

Kati ya wiki ya 3 na ya 12 mzoeshe watu wa kila aina, buibui na helmeti za bodaboda, sauti ya adhana na honi za tuktuk. Asichokiona wakati huo atakiogopa ukubwani.

Wiki ya kumi anza njia ya harufu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla umande haujakauka, buruta kipande cha utumbo juu ya nyasi kwa mita 10, mstari ulionyooka, upepo ukikupiga mgongoni. Upepo ukitoka mbele, mtoto huinua kichwa na kuunusa hewani badala ya kuusoma udongo. Acha utumbo mwisho wa njia, ngoja dakika tano, mlete akiwa amevaa mkanda wa kifuani. Kamba ya shingoni humfundisha kwamba kuvuta mbele ni maumivu. Kamba iwe mita 8, nawe nyuma yake, kimya. Akipotea, simama. Mkono wako ukimwelekeza mara tatu, ya nne atakutazama wewe, pua ataiacha. Miezi mitano ikitimia anaweza kufuata mita 200 zenye kona moja, njia ikiwa imelala nusu saa. Kuruka vizuizi na kukimbizwa nyuma ya baiskeli subiri hadi miezi 15 hivi, sehemu za mifupa zinazokua zifunge.

Jua likishachoma nyasi harufu hutawanyika na mbwa hupata joto kuliko analoweza kulitoa kwa kuhema, kwa kuwa hewa yetu imejaa unyevu. Ulimi mpana uliojikunja ncha, mate mazito, fizi nyekundu iliyoiva, kisha kuyumba: joto lake limekaribia au kupita nyuzi 41. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee bila kuacha, pima kila dakika tano. Usimfunike taulo lililoloa, huzuia joto kutoka. Likifika 39.5 acha kumwagia, la sivyo litaporomoka mno, na mpeleke kwa daktari hata kama amesimama na kutikisa mkia.