Kichaa cha mbwa na matone yasiyo na ngozi: maswali na majibu

Wiki hii, baada ya somo la afya huku Kadutu, Bukavu, nilionyesha picha ya seli ya ubongo iliyoingiliwa na virusi vya kichaa cha mbwa. Ilikuwa na madoa ya duara. Maswali yalizidi muda tuliokuwa nao, basi nayajibu hapa.

Mwalimu, yale madoa ni nini hasa?

Mwaka 1903 daktari Mwitaliano, Adelchi Negri, alitazama kwa hadubini ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa cha mbwa, akayaona. Alidhani amewaona vijidudu wenyewe walioleta ugonjwa. Hapo alikosea, lakini kwa miongo mingi madoa yake yalitumika kuthibitisha ugonjwa. Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba madoa hayo ni matone ya kimiminika: ni ya mviringo, na mawili yakigusana huungana kuwa moja. Humo ndani virusi hujinakili. Ndiyo karakana yao.

Shuleni tulifundishwa kwamba kila sehemu ya seli imezungukwa na utando. Tone linakaaje bila ngozi?

Mama aliyeuliza hivi anauza mawese, kwa hiyo jibu analo nyumbani. Tia mawese kwenye mchuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, usikoroge. Utaona matone mekundu yakielea, kila moja na mpaka wake, na hakuna aliyeyashonea mfuko. Mafuta hukaa na mafuta, maji na maji.

Protini za seli si mafuta, na matone yake yana maji mengi ndani, lakini jambo linafanana. Kuna protini zinazoshikana kwa wepesi, zenyewe kwa zenyewe au pamoja na RNA, molekuli inayobeba maagizo ya jeni: zinashika, zinaachia, zinashika tena. Zikiwa chache hutawanyika. Zikifika kiasi fulani hujitenga na kukusanyika kuwa tone. Wataalamu huyaita matone hayo kondensati.

Na si ugonjwa! Seli zako nzima zinayo sasa hivi. Ndani ya kiini cha seli kuna nyukleoli, mahali zinapotengenezwa ribosomu, yaani mitambo midogo ya kuunda protini, nayo haina utando wowote. Wanasayansi waliijua tangu karne ya 19 bila kuelewa inashikiliwa na nini. Njia ilifunguka mwaka 2009, pale Clifford Brangwynne na Anthony Hyman, wakifanya kazi Ujerumani, walipoonyesha kwamba chembechembe fulani ndani ya kiinitete cha mnyoo mdogo hutiririka na kuungana kama matone ya maji. Mimi hupenda kuwaeleza wanafunzi jambo hili polepole, maana linabadilisha picha nzima ya seli tuliyoichora ubaoni.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kimeingilia utaratibu huohuo. Protini zake mbili tu, N na P, zinatosha kuunda tone.

Hapa kwetu asubuhi mawese huganda chupani. Matone ya seli nayo huganda?

Ndiyo, na hilo linatisha kuliko baridi ya Bukavu. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba matone ya protini iitwayo FUS hugeuka taratibu kuwa kitu kigumu chenye nyuzi, na hugeuka haraka zaidi protini ikiwa na kasoro ya kurithi inayopatikana kwa baadhi ya wagonjwa wa Charcot, ule ugonjwa unaodhoofisha misuli hadi mtu ashindwe kupumua. Mawese ukiyaweka juani yanayeyuka. Nyuzi hizo haziyeyuki hivyo, na hakuna dawa ya kunywa wala ya kuchua inayoziyeyusha. Anayekuuzia dawa hiyo sokoni anakudanganya.

Basi si watafute dawa ya kuharibu karakana ya virusi?

Wanatafuta. Mwaka 2021 kikundi cha watafiti kilionyesha kwamba dutu iitwayo saiklopamini, na nyingine inayofanana nayo, zinagandisha matone ya kirusi cha RSV, kinachoshambulia mapafu ya watoto wachanga. Karakana ikiganda, kazi inasimama. Lakini hiyo ilikuwa katika seli za maabara na panya. Kwa kichaa cha mbwa hatuna dawa kama hiyo, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa hiyo aliyeumwa na mbwa afanye nini?

Awahi kabla karakana haijajengwa ubongoni. Kutoka kwenye jeraha virusi husafiri ndani ya mishipa ya fahamu, na mara nyingi hupita miezi miwili au mitatu kabla ya dalili. Muda huo ndio wetu.

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili. Kadutu maji ya bomba hukatika, najua. Tumia ya ndoo, tumia ya jirani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulize chanjo, na umalize sindano zote utakazopangiwa. Jeraha likiwa la kutoboa ngozi, uliza pia kuhusu imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari. Usipake pilipili wala majivu, na jiwe jeusi halivuti virusi. Mbwa anayeonekana mzima aangaliwe siku 10, lakini wewe usisubiri siku hizo ndipo uanze chanjo.

Mwanangu alilambwa tu, hakuumwa. Nimpeleke?

Mama, kama ngozi ilikuwa nzima, mwoshe tu, yatosha. Kama alikuwa na kidonda au mchubuko pale, au mate yaliingia machoni au mdomoni, mpeleke leo, hesabu kama ameumwa. Na muulize vizuri, bila kumkaripia, maana watoto huficha wakiogopa kuchapwa.