Windows, Mac na Linux kwenye seva moja ya mafaili

Afisi nyingi ninazozihudumia Mji Mkongwe zina mchanganyiko uleule. Mhasibu na wachoraji wa majengo wanatumia Windows, mbunifu wa mabango ana Mac, na kijana anayeshughulikia ramani na picha za droni kwa QGIS haiachi Ubuntu yake, ambayo ni aina ya Linux. Kila mmoja ana sababu zake, nami simwambii mtu abadilishe mashine. Ninachokipinga ni kazi kuzungushwa kwa flashi, maana mkataba mmoja huishia kuwa na nakala nne na hakuna anayejua ipi ndiyo iliyotiwa saini.

Ninachoweka ni seva moja ya Linux yenye Samba, na wote wapite mlango mmoja: toleo la 3 la SMB, njia ya Windows ya kugawa mafaili kwenye mtandao. Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, na kazi yake ni kuiwezesha Linux kugawa mafaili kwa njia hiyo. Apple nao waliifanya SMB kuwa njia yao ya kawaida mwaka 2013, ilipotoka OS X Mavericks. Toleo la 1 la SMB nalifungia nje kwa kuandika `server min protocol = SMB3_00` kwenye `smb.conf`, faili la mipangilio ya Samba, kwani ndilo lililokuwa na tundu lililopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017. Kama mashine ya fotokopi ni ya zamani na haijui toleo jingine, basi iskani kwenye flashi au itume kwa barua pepe. Siifungulii seva nzima kwa ajili yake.

Wapenzi wa Linux huniuliza kwa nini simpi yule kijana NFS, njia ya Linux na Unix ya kugawa mafaili. NFS ya kawaida, isiyo na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji), haiulizi neno la siri. Inaiamini namba ya mtumiaji inayotajwa na kompyuta yake. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000. Asha kwenye kompyuta yake ni 1000, Juma kwenye yake ni 1000, na kwa seva hao ni mtu mmoja. Tena faili likifunguliwa huku kwa NFS na kule kwa SMB, kufuli za pande mbili hazionani vizuri, na watu wawili wanaweza kufutiana kazi. Kwa hiyo naye apite SMB, kwa amri ya kuunganisha folda, `mount -t cifs`, yenye `vers=3.1.1`.

Mushkili mkubwa uko kwenye ruhusa. Malalamiko ni yaleyale kila afisi: Asha kaweka mchoro, Juma anaufungua, lakini hawezi kuuhifadhi. Sababu ni kwamba kwenye Linux faili jipya hubeba kundi la aliyelitengeneza. Mimi sigawi ruhusa kwa mtu mmojammoja. Natengeneza kundi, tuseme `ramani`, nalikabidhi folda, kisha naandika `chmod 2770`, amri inayompa ruhusa zote mwenye folda na kundi lake, na kumfungia mwingine yeyote. Ile 2 ya mwanzo ndiyo yenye siri: kila kitakachozaliwa ndani kitarithi kundi la folda. Upande wa Samba naongeza `force create mode = 0660` na `force directory mode = 2770`, na `valid users = @ramani`. Mtu akihamia idara nyingine, namtoa kundi moja na kumtia jingine, na hakuna faili linaloguswa.

Jambo la pili ni majina. Windows haikubali alama kama `: ? * "` ndani ya jina la faili, ilhali Linux inazikubali. Ramani ikiitwa "Shangani: ghorofa ya 1", mwenye Windows ataona jina fupi la ajabu lenye alama ya `~`, naye ataamini faili limeharibika. Linux pia inahesabu "Mkataba" na "mkataba" kuwa mafaili mawili; Windows inaona moja. Nawaomba watumie herufi, namba na kistari tu, na tarehe waiandike kwa kuanza na mwaka, 2024-05-12, ili mafaili yajipange yenyewe.

Mac inahitaji mstari wake: `vfs objects = catia fruit streams_xattr`. Bila huo folda hujaa vijifaili vinavyoanza na `._`. Uweke kwenye sehemu ya jumla ya `smb.conf`, folda zote ziwe sawa.

Usitegemee akaunti ya mgeni (guest) isiyo na neno la siri. Windows 11 toleo la 24H2 inataka mawasiliano yatiwe saini, na mgeni hana cha kutilia saini. Kila mtu awe na akaunti yake kwa `smbpasswd -a`. Windows ikitoa kosa namba 1219, maana yake imeshaunganishwa na seva hiyo kwa jina jingine. `Net use * /delete` huondoa miunganisho ya zamani, kisha aingie upya.

Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, na Wi-Fi hufia chumba cha pili. Vuta waya. Waya wa umeme wa chini ya bahari wa 2013 umetutoa kwenye giza la 2008 na la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009, lakini umeme bado unakatika. UPS, yaani betri ya dharura, iunganishwe na seva kwa USB, na programu ya NUT iizime seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Diski ya kuwekea nakala za akiba isipangwe kwa mfumo wa FAT32, kwani hiyo haibebi faili linalofika GB 4 na picha moja iliyounganishwa ya droni hupita hapo kwa urahisi. Mfumo wa exFAT unalibeba, ila hauhifadhi makundi na ruhusa, na siku ya kurejesha utaanza kugawa makundi upya kwa `chgrp`. Mimi naiweka ext4, mfumo wa Linux wenyewe, kisha narejesha folda moja ya majaribio nikiwa na Asha na Juma, kila mmoja afungue na kuhifadhi kutoka kompyuta yake.