Ndugu akizuiliwa ng'ambo bila kesi: anza na pasipoti

Kila zikivuma habari hapa Tanga kwamba mtu wetu kazuiliwa ng'ambo kwa ajili ya siasa, barazani Ngamiani huulizwa kwanza: "Serikali imesema nini?" Kuna swali linalotangulia hilo: ana pasipoti ya nchi gani?

Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, kifungu cha 36, unaitaka nchi iliyomkamata mgeni imwambie bila kuchelewa kuwa ana haki ubalozi wake upewe habari. Akitaka, ofisa wa ubalozi atamtembelea, atazungumza naye na kumtafutia wakili. Kumtoa hawezi. Tena haki hiyo humfuata raia, na Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Aliyechukua uraia wa kwingine, ubalozi wetu hauna kwa kumshika.

Hata wenye uraia wa nchi mbili hukwama. Dawit Isaak, mwandishi wa habari raia wa Uswidi na Eritrea, alikamatwa Septemba 2001, na hajafikishwa mahakamani. Serikali ya Eritrea, iliyoko Asmara, inamhesabu Mweritrea tu, kwa hiyo Uswidi inabisha mlango usiofunguliwa. Novemba 2005 aliachiwa, siku chache akarudishwa ndani. Septemba ile ile ya 2001 walikamatwa pia viongozi 11 wa Eritrea waliomkosoa rais. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kuwa wanazuiliwa kinyume cha Mkataba wa Afrika. Uamuzi haukuwafungulia mlango, ila tangu hapo mwanadiplomasia anayewaulizia ana karatasi mkononi.

Karatasi ndiyo kazi yenyewe. Ukurasa mmoja unatosha: jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali alipokamatwa, waliomchukua walivaa nini, walionyesha hati gani, nani alimwona mwisho. Anayeitwa Mbaruku nyumbani na Mubarak kwenye pasipoti, gereza litajibu "hatuna mtu huyo", na hapo halijasema uongo. Tenga pia ulichokiona na ulichoambiwa. Kosa moja la tarehe huwapa sababu ya kuutupa ukurasa mzima.

Nakala moja iende Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma, nyingine ubalozini. Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu uzuiliaji holela, Geneva, hupokea malalamiko hata kama mahakama za nchi ile hazijamalizwa, na hakiitajii serikali aliyeyaleta. Serikali hupewa siku 60 kujibu. Maisha yakiwa hatarini, kiombe kiiandikie serikali hiyo kwa dharura.

Kupiga kelele magazetini? Kwa maoni yangu, subiri ubalozi umwone kwanza, kwani mkubwa akishaapa hadharani kuwa hamwachii, kumeza maneno yake ni kazi. Lakini zikipita wiki bila yeyote kumwona, kimya kinamsaidia aliyemficha.

Ukipeleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa masijala wenye tarehe. Isiyo na muhuri, miezi sita baadaye utaambiwa haikufika.