Kwa nini nyota-bahari huyu hupunga mikono maji yanapoanza kujaa?

Anayetembea juu ya miamba ya pwani ya Afrika Mashariki wakati maji yanapoanza kurudi baada ya kupwa anaweza kuona mikono myembamba yenye miiba ikichomoza katika nyufa za mwamba na kupepea juu ya maji ambayo bado hayajafika hata kwenye kifundo cha mguu. Mwenye mikono hiyo ni Ophiocoma scolopendrina, mnyama aliyeelezwa kisayansi na Mfaransa Lamarck mwaka 1816, ambaye makazi yake yanaanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki. Ni jamaa wa kiti cha pweza, yaani nyota-bahari wa kawaida, ila yumo katika kundi la ofiuroidi, nyota-bahari wenye mikono mirefu myembamba, lenye spishi zaidi ya 2,000.

Mnyama huyu anakula. Mwamba unapoachwa wazi juani kwa saa kadhaa, juu yake hubaki vumbi, vipande vya mwani, ute na mabaki ya viumbe vidogo. Maji ya kwanza yanayotambaa juu ya mwamba huviinua vitu hivyo, vikaelea pamoja na povu katika utando mwembamba juu kabisa ya maji. Utando huo una lishe nyingi, lakini haukai: kina kikishapita urefu wa mkono, mnyama aliyejishikiza mwambani hawezi tena kuufikia, na kwa hiyo analazimika kuuwahi mapema.

Namna anavyoukusanya inastahili kuangaliwa kwa makini. Sehemu ya kati ya mwili wake, kisahani chenye upana wa sentimita 2 hivi, hubaki imefichwa ufani pamoja na baadhi ya mikono inayomshikiza, huku mikono mingine ikinyooshwa juu na kupinduliwa ili upande wa chini, wenye safu za vijiguu laini, uelekee usoni mwa maji. Mkono hufagia huku na huku. Vijiguu, ambavyo kwa ofiuroidi havina vinyonyeo kama vile vya kiti cha pweza, huokota chembe kwa msaada wa ute, huzifinyanga kuwa vidonge na kuzipitisha kutoka kijiguu kimoja hadi kingine mpaka kinywani. Kinywa kiko chini ya kisahani, nacho ndicho pia mlango wa kutolea mabaki, kwa kuwa ofiuroidi hawana tundu la haja. Kazi hii yote hufanywa na mnyama asiye na ubongo, ambaye neva zake huizunguka midomo kama pete na kutuma tawi katika kila mkono, jambo ambalo kwangu mimi ni la kustaajabisha kuliko umbo lake.

Chakula hicho hupatikana mahali pagumu kuishi. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa katika pwani ya Kenya na Tanzania hukaribia mita 4, hivyo mwamba mpana huachwa wazi kwa jua, upepo na mvua. Ophiocoma scolopendrina huvumilia kwa kujificha katika nyufa, chini ya mawe na ndani ya vidimbwi, mahali ambapo unyevu haukauki. Jamaa yake mweusi, Ophiocoma erinaceus, hupendelea matumbawe ya ukingoni yanayobaki chini ya maji. Kwa sababu hiyo jiwe linalopinduliwa na mtafuta pweza au kombe linapaswa kurudishwa kama lilivyokuwa, kwa kuwa kivuli chake ndicho kinga ya wanyama hawa mpaka maji yarudi.

Mikono inayonyooshwa mchana kweupe hukabiliwa na hatari ya kuumwa na samaki na kaa. Mkono ukishikwa, mnyama huweza kuuachia: tishu zinazounganisha pingili za mfupa wa ndani hulegea kwa amri ya neva, mkono hukatika, naye huponyoka. Kisha huota mwingine polepole, ukiwa mwanzoni mfupi na mwembamba kuliko ile ya kando yake. Wakati huo wote huendelea kufagia uso wa maji kwa mikono iliyobaki, kila maji yanapoanza kujaa.