Bandama: kabla ya kuchoma sindano

Kila ninapoombwa kuchukua kinyama cha kupimwa kwenye bandama, nawasikia walimu wangu: bandama haichomwi. Kiungo chenyewe ni gramu 150 hadi 200 tu, ila kimejaa damu kama sifongo na ganda lake ni jembamba. Lakini kule Baringo na Pokot Magharibi matabibu wa kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha bandama, wameichoma miaka mingi, tena kwa kupapasa bila picha yoyote: sindano ya geji 21 (namba ya unene; ikipanda, sindano ni nyembamba zaidi), kuingia na kutoka ndani ya sekunde moja. Kuvuja damu kwa kuhatarisha maisha hutokea kwa takriban mmoja kati ya 1,000.

Mimi huanza kwa kuuliza kama kuna haja. Juzi nililetewa kijana anayeishi na VVU, homa wiki sita, jasho la usiku linalolowesha shuka. Kwa probu ya kawaida ya altrasaundi, kile kichwa kinachopitishwa juu ya ngozi, niliona bandama kubwa tu, sentimita 15. Ya mtu mzima kwa kawaida haizidi 13. Nikachukua probu bapa ya masafa ya juu, vikajitokeza vidoa vyeusi vya milimita mbili tatu, vimetapakaa kama ufuta. Kwa mgonjwa ambaye kinga imeshuka hivyo, huku kwetu nafikiria kifua kikuu kwanza. Kipimo cha mkojo kikathibitisha, akaanza dawa, sindano haikuguswa.

CT skani nayo ina mtego wake. Sekunde 25 hadi 30 baada ya kontrasti, dawa ya kung'arisha picha, kuingia mshipani, bandama nzima huwa na mistari kama pundamilia, maana damu haipiti kwa kasi moja ndani yake. Nimeona majeruhi wa bodaboda akiandaliwa upasuaji kwa mistari hiyo. Jamani, pigeni tena kwenye sekunde 70; ikifutika, haikuwa mpasuko.

Ikibidi kuchoma, nataka chembe sahani, zile za kugandisha damu, zisipungue 50,000 kwa maikrolita, na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, isizidi 1.5. Geji 18 au nyembamba zaidi, njia fupi, mbali na lango la mishipa, pale inapoingia na kutoka kwenye bandama. Mgonjwa akipumua sindano ikiwa ndani, bandama inateleza na ganda linachanika, kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kushika pumzi mara tatu nne kabla ya ganzi.

Kisha analala wodini kwa saa 4 hadi 6. Wauguzi wangu wanajua: akilalamika bega la kushoto linauma, wasimpe kidonge wakaondoka. Huenda damu imefika chini ya kiwambo, msuli wa kupumulia, na maumivu yake husikika begani. Waniite, nirudi na probu.