Acheni kuzidisha kwa 20

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, sahani ya matoke ikiwa mapajani. Kijana wa Mwanza, kamaliza shahada hapa Kampala, anaomba ufadhili wa masomo, na fomu inataka asilimia, wakati chuo kimempa GPA, yaani wastani wa pointi kati ya 5.0. "Shikamoo mwalimu. GPA yangu ni 4.2. Nimezidisha kwa 20 nimepata 84. Niko sawa?"

Marahaba. Hauko sawa, na wewe ni wa tano mwezi huu.

Nimeshughulika na matokeo ya wanafunzi mpaka naota transkripti, zile hati za matokeo, lakini hii hesabu ya 20 hainiachi nipumue. Wengine huipiga kinyume: ana wastani wa 70, anagawa kwa 20, anaona 3.5, anaanza kulia. Futa machozi. Katika mfumo wa vyuo vikuu vingi vya Uganda, alama 70 kwenye somo ni pointi 4.0. Kuanzia 80 kwenda juu ni 5.0, uwe na 80 au 97. Kati ya 75 na 79 ni 4.5, kisha unashuka nusu pointi kila alama tano mpaka 50, ambayo ni 2.0. Chini ya hapo kila chuo na ukali wake. Jedwali liko kwenye transkripti yako, aghalabu nyuma, pale usipopageuza.

Sasa angalia 20 inavyodanganya. Pointi 5.0 mara 20 ni 100, lakini mwenye 80 kila somo naye ana 5.0. Pointi 2.0 mara 20 ni 40, na kwa alama 40 hapa umefeli. Kwa hiyo juu inakupamba na chini inakuzika, halafu bado mtu ananiambia "lakini mwalimu, si ni kati ya tano?" Ndiyo, ni kati ya tano. Ngazi ya vidato vitano haimaanishi kila kidato kina urefu sawa.

Na ni ngazi kweli, si mlima. Hili ndilo linalonichosha zaidi, kwa hiyo nivumilieni. Chukua wanafunzi wawili, masomo manne, krediti (yaani uzito wa kila somo) sawa. Wa kwanza kapata 79, 74, 69 na 64. Wa pili kapata 80, 75, 70 na 60. Wastani wa wa kwanza ni 71.5, wa pili 71.25. Nani mbele? Kwa asilimia ni wa kwanza. Sasa weka pointi. Wa kwanza: 4.5, 4.0, 3.5, 3.0, wastani 3.75. Wa pili: 5.0, 4.5, 4.0, 3.0, wastani 4.13. Aliyekuwa nyuma kapita mbele, na kwa mbali, kwa sababu mwenzake mara zote nne alikuwa amebakiza alama moja tu kukanyaga kidato kinachofuata. Wote wawili wana daraja la pili la juu, linaloanzia 3.60. Ukigawa wastani wao kwa 20 wanapata 3.58 na 3.56, na umewashusha wote wawili hadi daraja la pili la chini kwa kikokotoo cha simu.

Ndiyo maana huanzi na wastani wa asilimia ukaugeuza kuwa GPA. Unageuza somo moja moja, unazidisha pointi kwa krediti za somo hilo, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Ukipata 62 kwenye somo la krediti 5 na 80 kwenye la krediti 3, GPA yako ni 3.75, si 4.0. Somo zito linavuta chini. Basi.

Je, mfumo huu ni wa haki? Nikiwa ofisini nasema ndiyo. Nikiwa nyumbani, sijui. Ile 79 inaniuma kila nikiiona. Mhadhiri mmoja anaipandisha kuwa 80 kwa huruma, mwingine haguswi hata ukimwaga chozi mlangoni, na transkripti haitakuambia uliangukia mikononi mwa yupi.

Halafu kuna majirani. Kwenye vyuo vingi vya Kenya 70 ni A. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia, 70 ni A. Hapa kwetu 70 ni B. Kijana wangu wa Mwanza amekulia kwenye hesabu ya nyumbani, kwa hiyo akiona 72 anadhani kafanya maajabu, akiona B anadhani kaonewa. Hajaonewa, kavuka mpaka tu. Na kwa mnaoomba Marekani, wanakotumia kipimo kinachoishia 4.0: ukizidisha 4.2 kwa 4 na kugawa kwa 5 unapata 3.36, namba safi kabisa isiyokuwa na maana yoyote niliyowahi kuelewa. Andika 4.2 kati ya 5.0, ambatanisha jedwali, waache wakadirie wenyewe somo kwa somo.

Tatizo ni kwamba fomu ya huyu kijana ilikataa. Kisanduku kinakula asilimia tu. Kutoka kwenye 4.2 hakuna njia ya kurudi nyuma, kwa sababu kila 4.0 iliyomo ndani inaweza kuwa 70 au 74. Nikamwambia afungue transkripti, achukue alama zenyewe za kila somo tangu mwaka wa kwanza, azidishe kwa krediti, ajumlishe, agawe. Masomo arobaini na kitu. Alinuna, nikasikia hata kwenye maandishi.

Saa tano usiku akarudi: 72.6. "Mwalimu, si wataona nimeshuka kutoka 84?" Hukuwahi kuwa na 84, mwanangu. Jaza hiyo, pakia na ukurasa wa jedwali.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Naweza kuandika 73?"